Pampu yetu inatoa maji mekundu, tubadilishe paipu ama tujenge matangi ya mvua?

mwana_koboko:

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka kijijini huku upande wa Koboko, Uganda. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, nimechaguliwa mwaka huu tu na mambo ya pampu siyajui vizuri, ndio maana nakuja kwenu wenye uzoefu mnisaidie kabla hatujatumia pesa za watu vibaya.

Tuna kisima kimoja cha pampu ya mkono, ile ya U2, kilichimbwa miaka saba iliyopita na kampuni moja iliyoletwa na mradi. Miaka miwili ya kwanza maji yalikuwa safi kabisa, watu walikuwa wanatoka hadi kijiji cha pili kuja kuchota. Halafu yakaanza kubadilika pole pole, na sasa ukifika asubuhi ukapiga mpini jerikani ya kwanza inatoka maji ya rangi ya kichuguu, yananuka chuma, ukichemshia chai inageuka nyeusi kama wino. Shuka za mama yangu zilikuwa nyeupe, sasa zina madoa ya manjano na hakuna sabuni inayoyatoa. Wanawake wengi wameshaachana nayo wamerudi kule chini kwenye kijito ambako ng'ombe wananywa humo humo, na tangu mvua zianze watoto wanahara nyumba kwa nyumba, jirani yangu alilaza wawili kwa wiki moja.

Kaya ziko 84, kila moja inatakiwa kutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, lakini tangu maji yaharibike wengi wanasema wazi kwamba hawawezi kulipia kutu. Kwenye mfuko tuna milioni moja na laki mbili. Mkutano wa mwisho ulivurugika kabisa manake wengine wanataka tununue paipu mpya, wengine wanasema ardhi yenyewe ndio ina chuma kwa hiyo tuiache hiyo pampu tujenge matangi ya mvua, na vijana wanasema kila familia kumi zichimbe kisima chao kifupi wafunge pampu ya kamba. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, amenipa wiki tatu nilete jibu.

Nyinyi mnaonaje?

---

fundi_spana:

Ndugu katibu pole. Mimi ni fundi wa pampu huku Arua, hii kazi naifanya mwaka wa kumi na nane sasa. Usinunue kitu chochote kwanza, hata boliti moja. Kwanza lazima ujue kutu inatoka wapi, manake kuna chuma kinachotoka kwenye ardhi na kuna chuma kinachotoka kwenye paipu zenu wenyewe, na dawa zake hazifanani kabisa. Nimeona vijiji viwili vilitelekeza kisima kizima chenye maji matamu wakidhani ardhi ni mbaya kumbe ni paipu tu.

Kupima ni hivi na haihitaji pesa. Jioni fungeni pampu na kufuli, mtu asiguse usiku kucha. Asubuhi chukua beseni jeupe na chupa kama tano za plastiki zinazoona ndani. Jerikani ya kwanza jaza chupa moja, andika namba. Endeleeni kupiga bila kusimama, vijana wapokezane. Jaza chupa kwenye jerikani ya 5, ya 20, ya 40. Pampu nzima inajaza jerikani moja kwa dakika moja na nusu hivi kwa hiyo ni saa moja ya kazi, na hayo maji msiyamwage hovyo, nyweshea mboga.

Kama ya kwanza ni nyekundu na ya 40 ni safi, hiyo ni paipu inaoza usiku ikiwa imekaa na maji ndani. Kama zote zinafanana, basi ni ardhi. Lakini hapa ndio watu wanakosea: chuma cha ardhini kinaweza kutoka kwenye mdomo wa pampu maji yakiwa meupe kabisa, kikikutana na hewa ndio kinageuka chekundu baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo chupa usizifunge, ziache wazi mpaka jioni ndio utoe hukumu.

Pili, nenda ofisi ya maji ya wilaya uwaombe wapime ukali wa maji, yaani pH. Zile paipu za chuma zilizopakwa zinki, tunazoziita GI, maji yakiwa chini ya 6.5, yaani makali, zinki inaliwa haraka halafu chuma kinafuata. Ndio sababu serikali mwaka 2016 ilisimamisha kutumia GI kwenye visima vya pampu, lakini za kwenu kwa hesabu yako zinaweza kuwa ziliingia kabla ya watu kulizoea hilo agizo, au mtu alikuwa na mzigo wa zamani stoo akaufukia kwenu.

Na niambie kitu kimoja, asubuhi mnapiga mpini mara ngapi kabla maji hayajatoka?

---

mama_wa_nakivale:

Mwanangu katibu, mimi nakaa Isingiro, ndani ya Nakivale, makazi ya wakimbizi, nilitoka Kongo zamani. Huku kwetu maji ya chini ni shida kwa hiyo matangi ya mvua nayajua kwa mikono yangu, kikundi chetu cha akina mama tumejenga kumi na moja ya ferosementi. Nataka nikuambie ukweli wake mzuri na mbaya.

Mzuri ni hesabu yake, hata asiyesoma anaielewa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Sasa nyumba ya mita 8 kwa 6 ni mita 48, ikinyesha milimita 10 tu, ukitoa ile inayoruka na kupotea, unabaki na kama lita 380, hizo ni jerikani 19 hujatoka nje ya uwanja wako, na mgongo haujauma.

Mbaya ni kwamba tangi halitoshi mwaka mzima kwa kila kitu. Kwenu najua kiangazi kinaanza Desemba mpaka Machi. Familia ya watu sita wakitumia kwa kunywa na kupika tu, lita 30 kwa siku, siku 90 ni lita 2,700. Kwa hiyo tangi la lita 3,000 linavusha familia kwa kunywa na kupika PEKE YAKE. Ukifulia, ukaogesha watoto na mbuzi akanywa humo, kabla ya Krismasi hamna kitu. Sisi tunafunga bomba la tangi kwa kufuli na ufunguo anao bibi wa nyumba, si mume, tumejifunza hivyo baada ya mzee mmoja kuuza maji yote kwa wafyatua matofali.

Halafu kujenga kwenyewe. Ni wavu wa kuku na waya, unapiga plasta mchanga tatu simenti moja, mchanga uwe umeoshwa. Tangi letu la kwanza lilipasuka na nalikumbuka mpaka leo. Tulimaliza plasta saa saba mchana jua kali, tukafurahi, tukaenda kula, kila mtu akarudi kwake. Siku ya tatu nikapitisha kidole kwenye ukuta nikakuta nyufa nyembamba kama nywele zinashuka kutoka juu mpaka chini. Tulipojaza maji likavuja pande zote, wanawake wawili walilia manake ile simenti ilikuwa akiba ya miezi minane. Kosa lilikuwa ni kukauka haraka. Sasa tunafunika na magunia na majani ya ndizi tunamwagilia asubuhi mchana jioni kwa wiki nzima au zaidi, na tunapangiana zamu kabisa kama kulinda mgonjwa.

Na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi msiyaingize, ni vumbi na mavi ya ndege na mijusi. Weka kipande cha bomba kinachogeuzwa pembeni yamwagike kwanza.

Lakini uliza kwanza, nyumba ngapi kwenu zina mabati?

---

mwana_koboko:

Mama asante sana, na fundi asante. Hapo mama umenigusa, kati ya kaya 84 zenye bati hazifiki 30, nyingine zote ni nyasi. Bati kubwa ni la shule na la msikiti.

Fundi, mpini asubuhi tunapiga hata mara 30, 40 ndio maji yanakuja. Mama zetu wamezoea wanaimba kabisa wakihesabu. Je hii ya kamba vijana wanayoitaka ni kitu cha kweli ama ni mambo ya mtandao tu?

---

fundi_spana:

Mara 40 ni nyingi mno. Hapo kuna mawili, ama vali ya chini imekwisha ama paipu ina tundu maji yanarudi chini usiku. Sasa naanza kuona picha.

Pampu ya kamba ni ya kweli, ilishika sana Nikaragua huko Amerika ya Kati na hata huku ipo. Ni gurudumu, kamba, vishikio vya raba au plastiki vinavyopita ndani ya bomba la plastiki na kunyanyua maji, fundi wa baiskeli anaweza kuitengeneza na ndio uzuri wake. Lakini hiyo ni ya kisima kifupi cha familia chache, siyo ya kaya 84 kupanga mstari. Na kisima kifupi mnachimba lini? Vijana watataka kuchimba sasa hivi mvua ikinyesha kwa sababu udongo ni laini na maji yako karibu, halafu mwezi wa pili kinakauka. Chimbeni mwisho wa kiangazi, Februari au Machi, mkikuta maji hapo basi hayo ni maji. Na angalieni vyoo, choo kisiwe upande wa juu wa mteremko kuliko kisima, na umbali wake na kisima usipungue mita 30.

Kwa hiyo msiwakatishe vijana tamaa lakini siyo jibu la wiki tatu.

---

nesi_wa_mashinani:

Nimesoma yote nikaona kitu kimoja hakijaguswa, watoto wanaoharisha leo. Mimi ni nesi kituo cha afya daraja la tatu, wilaya siitaji.

Katibu tafadhali waambie watu wako hivi: ile kutu yenyewe si sumu. Chuma kwenye maji kinaharibu ladha na nguo na chai, lakini anayewalaza watoto hospitali si chuma, ni kinyesi kwenye kijito. Kwa maana nyingine yale maji mekundu wanayoyakimbia ni salama kuliko haya meupe wanayoyakimbilia. Najua ni vigumu kumwambia mama aliyeona kwa macho yake maji yanafanana na matope, lakini semeni mara nyingi, semeni msikitini, semeni shuleni.

Kwa sasa hivi, yale mekundu wayaache yatulie usiku kwenye jerikani wazi, asubuhi kutu imeshuka chini, wamimine ya juu pole pole kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Vidonge vya klorini kama WaterGuard visiwekwe kwenye maji mekundu, chuma kinaila ile dawa na mtu anabaki anafikiri ametibu. Kwanza yawe meupe ndio uweke kidonge, nusu saa, unywe.

Anayechota kijitoni lazima atibu kabisa. Kuchemsha mpaka yatokote vizuri, dakika moja inatosha, najua kuni ni shida. Asiye na kuni wala pesa ya kidonge atumie jua: chupa za plastiki zisizozidi lita mbili, zinazoona ndani, zilazwe juu ya bati kwa masaa sita ya jua, kukiwa na mawingu siku mbili. Ila yakiwa na matope jua halipenyi. Sisi tunapima hivi, simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti uangalie kutoka mdomoni kwenda chini, kama huwezi kusoma vichwa vya habari basi bado, yatulize tena.

Na kitu cha mwisho, naomba mkiangalie nyumbani kwenu leo hii. Mama anachemsha maji vizuri, anayamimina kwenye sufuria pana, halafu mtoto ametoka kucheza anazamisha kikombe na vidole vyote vitano ndani. Kazi yote imekwisha hapo. Jerikani yenye mdomo mdogo na kifuniko, maji yamiminwe, yasizamishiwe kitu.

---

mhazina_kasese:

Salaam. Sisi huku Kasese tunatumia maji ya mteremko kutoka milimani, hatuna pampu, kwa hiyo kwa ufundi nawaachia wenyewe. Ila nimekuwa mhazina wa maji miaka tisa na nataka kusema juu ya hilo neno la "hatuwezi kulipia kutu".

Wana haki. Mtu analipa anapoona. Lakini nakuuliza ndugu katibu, huo mfuko wa milioni moja na laki mbili watu wameuona? Kaya 84 kwa mwaka mmoja wakilipa wote ni milioni moja na 8,000, na nyinyi mna miaka saba. Sisemi mtu amekula, pengine mlinunua raba na kulipa mafundi, ila kama hakuna daftari lililosomwa hadharani kila mtu anajaza hiyo nafasi kwa mawazo yake mwenyewe. Kwetu ilitokea hivyo hivyo, makusanyo yalikufa kabisa mpaka tulipoanza kubandika karatasi kwenye mlango wa duka kila mwisho wa mwezi, jina, alicholipa, kilichotumika, na mtu ambaye hana watoto wala ng'ombe tulimpunguzia. Pia wengine huku ni wakulima, hawana shilingi elfu ya kila mwezi lakini wakivuna wanayo ya mwaka mzima, basi tukawakubalia walipe wakati wa mavuno.

Halafu kaya 84 ni watu kama 500. Kipimo cha wizara ni watu 300 kwa kisima kimoja cha pampu, kwa hiyo hata hiyo pampu ikipona bado inabeba mzigo mkubwa. Hilo liandikeni barua sabukaunti, yaani ofisi ya tarafa, mapema, bajeti ina foleni.

---

mwana_koboko:

Ndugu zangu nimerudi, wiki mbili zimepita, niwaeleze.

Tulifunga pampu Jumamosi jioni, kukawa na manung'uniko lakini wakakubali. Asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa pale na mwenyekiti, mama zetu na vijana sita wa kupokezana. Jerikani ya kwanza tulimimina kwenye beseni jeupe la mama yangu, ilikuwa nyekundu kabisa na chini kukabaki vipande vyeusi vyeusi, ukivisugua kati ya vidole vinakwaruza kama mchanga. Ya 5 bado ya manjano. Ya 20 rangi imepungua sana. Ya 40 meupe, unaona alama za kucha zako chini ya beseni. Tukapanga chupa kwenye ukuta wa shule bila vifuniko, watu wakawa wanapita mchana kutwa wanaangalia, hata wale waliokuwa wamesema ardhi ni mbaya. Jioni ile ya 40 ilikuwa bado meupe. Hakuna aliyebishana tena.

Ofisi ya maji walikuja na kifaa wakapima, pH 5.9. Fundi wa sabukaunti akaja na watu wanne tukazitoa zote, ziko 14 za mita tatu tatu. Zile za juu bado ni nzima kwa macho, kuanzia ya tisa kwenda chini zimejaa magamba, thredi zimeliwa, na ya kumi na moja ina tundu kidole changu kidogo kinaingia. Ndio ile habari ya mpini mara 40! Miaka yote hiyo mama zetu walikuwa wanapampu maji yanarudi chini kwa tundu.

Maji yenyewe kisimani yako mita 15 kutoka juu, kwa hiyo fundi ametushauri kwa muda turudishe zile nane nzima, silinda, ile sehemu ya chini inayovuta maji, ikae mita 24, huku tunatafuta pesa ya paipu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kila asubuhi mlinzi wa pampu na vijana wanatoa jerikani 20 za kwanza zinakwenda kwenye bustani ya shule na matofali ya darasa jipya, baada ya hapo ndio mstari unaanza. Daftari nimelisoma mbele ya watu lote, kuna miaka miwili haina risiti na nimesema wazi kwamba haina. Ilikuwa mbaya siku hiyo, lakini kaya 31 zimelipa palepale na wengine wameahidi wakiuza simsim.

Tangi moja tutajenga kwenye bati la shule, mama wa Nakivale nitakusumbua kwa hilo. Wale vijana wa kamba wamekubali kungoja Februari.

Na mama yangu alichukua ile jerikani ya 40 akachemsha chai, akaileta mpaka pale shuleni kwenye glasi ili watu waone rangi.

---

mama_wa_nakivale:

Mwambie mama namsalimia sana. Nisumbue tu mwanangu, ukianza msingi niambie, na magunia anza kukusanya kuanzia sasa.

---

fundi_spana:

Kazi nzuri sana katibu. Mambo mawili kabla hamjalipa mtu. Moja, stenlesi iwe daraja la 304 au 316 na mwone muhuri kwenye paipu yenyewe, kuna za bei rahisi zinang'aa tu lakini kwenye maji makali kama yenu hazikai. Na msichanganye, yaani paipu nane za GI na sita za stenlesi kwenye kisima kimoja, zikigusana chuma dhaifu kinaliwa haraka zaidi, kwa hiyo ngojeni mpaka mfuko utoshe kubadilisha zote kwa siku moja.

Pili, umezungumzia paipu tu. Rodi za ndani, zile fimbo zinazounganisha mpini na silinda, je? Nazo ni chuma na ziko ndani ya maji hayo hayo.

---

mwana_koboko:

Rodi sijaziangalia fundi, ziliwekwa pembeni na nikashughulika na paipu. Kesho nampigia fundi wa sabukaunti tuzitoe tena, nitapiga picha kwenye beseni nizitume hapa.